Mshauri Aliyevuka Ikweta

Ukitoka Embu kwenda Meru unapita Runyenjes, Chuka na Chogoria, mlima uko kushoto, na ukishaiacha Nkubu unavuka ikweta. Matatu hata haipunguzi mwendo.

Daktari Mskoti, Clive Irvine, alivuka bahari akafika Chogoria hiyo mwaka 1922, akakaa miaka na miaka. Siku hizi walimu wa huku nao wanavuka bahari, wengine wakawe washauri wa wanafunzi katika shule za kimataifa za Ghuba. Kwa mpenda safari, raha iliyoje! Lakini anayeketi mbele ya mshauri huyo ni mtoto aliyezoea kuhamahama; ukimwuliza kwao ni wapi, anakutazama tu.

Kwetu Kenya, ripoti ya elimu ya Gachathi ya 1976 ilihimiza ushauri nasaha shuleni. Hata hivyo, mara nyingi mshauri ni mwalimu yuleyule mwenye vipindi tele na madaftari ya kusahihisha. Mwenzake wa ng'ambo ana ofisi yenye mlango. Hapo, kusema kweli, namwonea kijicho.

Na mtoto wa Maua, kule Meru, aliyeletwa bweni Embu? Wenzake wanapiga soga kwa Kiembu, yeye ni Mmeru, yuko kimya. Huyo naye yuko ugenini. Mwalimu wa zamu, kama unanisikia, mwite leo kabla ya kengele ya saa nne.