Je, Mkristo Atoe Jina la Jirani Yake?

Katika darasa la kipaimara hapa Ukonga tulifika Amri ya Nane, ile ya kutomshuhudia jirani uongo, ambayo baadhi ya madhehebu huihesabu kuwa ya Tisa. Kijana mmoja akauliza: “Na kama jambo ni kweli, Mchungaji, si halali kulitoa?” Nilimjibu upesi, kisha usiku sikulala vema. Maana swali lile niliulizwa zamani, nami nililijibu vibaya.

Wengi wenu mnaikumbuka tarehe 29 Oktoba 2018. Ndugu Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wakati ule, aliwataka watu wamletee majina ya mashoga, akaahidi kuunda kamati ya kuwasaka. Siku chache baadaye alisema amekwisha kupokea ujumbe 5,763, na majina yaliyozidi mia moja. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikatangaza kwamba hayo ni mawazo yake mwenyewe, wala si msimamo wa Serikali. Denmark ikazuia msaada wake, na tarehe 31 Januari 2020 Marekani ikamkataza kuingia nchini mwake. Hayo ya mataifa nayapita. Nadhani makaripio ya wageni yaliwashupaza watu wetu kuliko kuwafundisha. Mimi nauliza habari za ule ujumbe 5,763. Uliandikwa na nani? Haukuandikwa na wakuu. Uliandikwa na majirani, na pengine wengine wao waliimba nasi Jumapili ile.

Juma lile lile mama mmoja wa usharika, mwenye vyumba vya kupangisha, alinijia jioni. Alikuwa na mpangaji, kijana mpole, msusi wa nywele, aliyedaiwa kodi ya miezi miwili. Akasema, “Baba Mchungaji, watu wanasema yule ni mmoja wao. Namba ya kupeleka jina ninayo. Nifanye nini?” Nikamwambia aifuate dhamiri yake. Neno hilo lilionekana la hekima, kumbe lilikuwa la woga. Naliogopa kusemwa kwamba mchungaji anawatetea watu wale.

Asije mtu akadhani kwamba nabadili mafundisho. Kanisa letu lilinena habari ya ndoa katika Tamko la Dodoma la mwaka 2010, nami ni mchungaji wa Kanisa hilo. Wala Mkuu wa Mkoa hakuitunga sheria. Kanuni ya Adhabu tuliletewa na Waingereza mwaka 1930, na kifungu chake cha 154 leo hutoa kifungo kisichopungua miaka 30, hata cha maisha. Lakini sheria hiyo, kwa ukali wake wote, huadhibu tendo lililothibitishwa mbele ya hakimu. Haiadhibu mwendo wa mtu, wala sauti yake, wala kazi ya ususi. Na jirani aandikaye jina ameona nini zaidi ya hayo? Sisi wa Ukonga twapita karibu na gereza kila siku. Hatuwezi kusema hatukujua jina likitolewa laelekea wapi.

Basi kijana wa kipaimara na asikie jibu lililo kamili. Luther, katika Katekisimo Kubwa, afundisha kwamba hata ukiiona dhambi ya jirani yako kwa macho, hukupewa ruhusa ya kuitangaza. Kuhukumu ni kazi yake yeye aliyepewa ofisi hiyo, na kwa ushahidi. Naye airudia njia ya Bwana wetu katika Mathayo 18: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha shahidi mmoja au wawili, na mwisho kanisa. Tangazo la mwaka 2018 lilianza pasipo hata salamu ya wawili. Yule mama alikuwa hajaongea na mpangaji wake neno lo lote ila habari ya kodi.

Jambo moja nalitenga kabisa. Mtoto akiharibiwa, au mtu akitendwa kwa nguvu, kunyamaza ni dhambi. Nenda polisi siku ile ile. Huko yuko aliyeumizwa, naye alilia apate msaada. Lakini nani alilia katika chumba cha yule msusi?

Tena hofu haikumfanya mtu ye yote kuwa mtakatifu. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilikuwa imekwisha kuvizuia vituo 40 visiwape watu wa namna hii huduma za UKIMWI. Basi ilipokuja hofu ya majina, aliye mgonjwa alipata sababu ya pili ya kujificha na ugonjwa wake. Na wengine wao wana wake na watoto, kama tujuavyo sote ingawa hatusemi.

Yule mama hakulipeleka jina. Hilo namshukuru Mungu. Lakini neno lilikwisha kuenea uani, na kabla ya Jumapili kijana aliondoka usiku, akaacha godoro na sufuria mbili. Sikupata kumwona tena. Sikuwa nimewahi hata kumwuliza kama alikuwa amebatizwa.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wa usharika huu: siku mtakapotakiwa tena kutoa majina, na mkuu awaye yote, njoni kwangu kabla hamjaandika. Mlango wangu u wazi jioni, isipokuwa Alhamisi, ambayo ni siku ya kwaya.