Mwenzi katika Biashara

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu huingia katika biashara kwa wingi wa mali yake. Sivyo. Aghalabu huingia kwa sababu ya wenziwe: mmoja amemwona akifanya, wa pili amempa khabari ya bei, na wa tatu amemdhamini. Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina katika mwaka 622, Saad bin Rabii, aliyeunganishwa naye kwa udugu, alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Hakuichukua; aliomba aonyeshwe soko tu, akaenda, akarejea na faida ya samli na jibini kavu.

Fakiri asiye na wa kumwonyesha soko hufungwa na mtu mmoja. Ndivyo walivyokuwa wasuka viti vya mianzi wa kijiji cha Jobra, katika Bangladesh: waliyemkopa ndiye waliyelazimika kumwuzia, kwa bei aitakayo yeye. Katika mwaka 1976 Muhammad Yunus, mwalimu wa chuo kikuu cha Chittagong, aliwakopesha watu 42 wa kijiji hicho jumla ya dola 27. Kazi hiyo ikazaa Benki ya Grameen, iliyosimama kwa sheria katika 1983. Wakopaji, wengi wao wanawake wasio na rehani, walipangwa watanowatano. Wawili walipewa kwanza, na waliosalia walingoja waone kama wenzao watalipa.

Ama rehani ya mkopo huo ni nini, ikiwa si uso wa mtu mbele ya jirani zake? Mwenzi aliyekuwa kiongozi hugeuka askari. Huko Andhra Pradesh, katika Bara Hindi, mambo yalifika hata serikali ikatoa amri ya kuwazuia wakopeshaji katika mwaka 2010, baada ya khabari za wadeni waliojiua. Wadeni hao hawakukosa wenzi; waliwaogopa. Na mikopo hiyo yote hulipwa kwa ziada, nayo ni riba, hata ikipewa jina zuri.

Katika Suratul Baqara imeamrishwa mdeni mwenye dhiki angojewe. Mwenzi katika kundi la benki hawezi kuitimiza amri hiyo, kwani deni si lake. Awezalo ni kuaibisha tu. Upatu wa wanawake wa Mombasa na Unguja una haya ya jirani vile vile, walakini fedha ni zao wenyewe: aliyefiwa au kuuguliwa hupishwa zamu na mwenziwe mwenye wasaa, na hapana ziada inayoandikwa juu yake.