Mkanda na Rozari



Kwa miaka mingi nimewafundisha katekisimu watoto wanaojiandaa kupokea Komunyo ya Kwanza katika kigango chetu, huku pwani kati ya Kilifi na Malindi. Siku moja, tulipofika kwenye fundisho kwamba Mungu ni Baba, nilimwuliza mtoto mmoja wa miaka tisa, "Ukisikia Mungu ni Baba, unamfikiriaje?" Akatazama chini, akajibu kwa sauti ndogo, "Anatuangalia. Tukikosa anatupiga." Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwani mtoto yule alikuwa wangu.

Nyumbani kwetu tulisali rozari kila jioni baada ya chakula. Watoto walikuwa wamechoka kwa shule na kuteka maji, na aliyesinzia alionja mkanda. Niliutundika mkanda ule kwenye msumari uleule wa rozari, nami niliamini kwa moyo wote kwamba nalinda imani ya nyumba yangu. Naam, ni nani angenilaumu? Majirani walinisifu kuwa watoto wangu wana adabu.

Usiku ule nilimweleza mke wangu jibu la mtoto. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba watoto, mimi nimekuwa mwongo kwa ajili yako." Akaanza kuhesabu mambo aliyonificha ili watoto wasipigwe: chemni ya taa iliyovunjika, mtungi wa plastiki uliopotea kisimani, na binti yetu mkubwa aliyetoroka kwenda disko matanga akarudi alfajiri. Nilikasirika sana, tena kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri hapa. Niliona nimesalitiwa. Lakini nilipotulia nilitambua kwamba nyumba yangu ilikuwa na serikali mbili, ya baba iliyoogopwa na ya mama iliyoambiwa ukweli. Ndugu mume unayesoma ukurasa huu, jiulize: je, mke wako anakuficha nini kuhusu watoto, na kwa sababu gani? Ahadi tulizotoa altareni hazikusema kwamba mmoja wetu atakuwa hakimu na mwingine wakili.

Hapa ndipo penye swali letu. Je, upole ni fadhila ya mzazi Mkristo, au ni jina zuri la udhaifu? Wengi huku kwetu wataleta methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Nao wana sababu ya kuogopa. Vijana wanatafuna muguka mchana kutwa, wasichana wanapata mimba matangani. Mzazi mwenye hofu huona fimbo kuwa ndiyo njia fupi.

Lakini angalieni lugha yetu yenyewe inavyotufundisha. Kwa aliyeumia tunasema "pole". Asiye na haraka anakwenda "polepole". Na mtu mwenye tabia hiyo tunamwita "mpole". Maneno haya ni ndugu. Mpole, basi, ni mtu anayeweza kuona uchungu wa mwenzake na ambaye hakimbilii kutoa hukumu. Hakuna mahali pameandikwa kwamba haoni kosa. Bwana wetu aliwafukuza wafanyabiashara hekaluni, na bado alipoueleza moyo wake katika Injili ya Matayo alichagua kusema kwamba ni mpole na mnyenyekevu.

Methali nyingine ya pwani yasema samaki mkunje angali mbichi. Mara nyingi huitajwa kutetea kiboko. Nami ninayenunua samaki kwa wavuvi wa hapa nasema, samaki mbichi hahitaji nguvu. Mkono mwepesi unatosha. Anayehitaji nguvu ni ng'onda aliyekwisha kauka, naye ukimkunja anavunjika.

Na ile fimbo ya Mithali sura ya 13? Nimeulizwa mara nyingi katika Jumuiya. Mimi huwaambia wenzangu wamtazame mchungaji wa mbuzi kule Ganze au Bamba. Fimbo haimtoki mkononi. Anapigia kichaka kufukuza nyoka, anamzuia mbuzi asiingie shamba la watu, anamwelekeza kisimani. Lakini mchungaji anayewapiga mbuzi miguuni jioni atawabeba mgongoni. Mwenye Zaburi ya 23 anasema fimbo ya mchungaji wake inamfariji, na sijaona bado mtoto anayefarijiwa na mkanda. Mtume Paulo naye anawaonya akina baba, katika Wakolosai sura ya 3, wasiwachokoze watoto wao wakakata tamaa. Sheria ya nchi imeelekea upande huohuo: viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko.

Wenye hasira za karibu kama mimi tusikate tamaa. Mtakatifu Yohane Bosco, aliyezaliwa Italia mwaka 1815, alisimulia ndoto aliyoota akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Aliona watoto wakigombana na kumtukana Mungu, naye akajitosa katikati yao kwa ngumi. Ndipo akatokea mtu mtukufu, akamwagiza awapate watoto wale kwa upole na mapendo, si kwa mapigo. Baadaye alianzisha shirika la kulea vijana, akalipa jina la Mtakatifu Fransisko wa Sale, askofu aliyefariki mwaka 1622. Askofu huyo anasifiwa kwa upole wake, ingawa inasimuliwa kwamba kwa asili alikuwa mwepesi wa kuwaka.

Sasa niseme jambo zito. Mwezi wa Aprili mwaka 2023, hapa hapa katika kaunti yetu, makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilitolewa, mingi ikiwa ya watoto. Watu walikuwa wamehimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu, na kabla ya hapo walikuwa wamefundishwa kukataa shule na hospitali. Walionusurika walisimulia kwamba watoto walipangwa kutangulia. Mwaka 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro.

Sisemi kwamba wazazi wale hawakuwapenda watoto wao, wala siwezi kulinganisha mkanda wangu na msitu ule. Lakini swali hili limeninyima usingizi: mtoto niliyemzoesha kwamba sauti kali ndiyo sauti ya Mungu, siku atakapomsikia mhubiri mwenye sauti kali kuniliko mimi, atamkataa kwa kipimo gani? Anayemjua Mungu mpole atashtuka akiambiwa Mungu anataka mtoto afe njaa. Asiyemjua, huenda asishtuke.

Nirudi kwa binti yetu. Siku iliyofuata nilimwita, mama yake akiwa ameketi kando yangu, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Neno la kwanza nililoweza kulitoa lilikuwa "pole", kwa kuwa uso wake ulikuwa umejaa hofu. Alilia, kisha akasema. Wenzake walikuwa wakimcheka kuwa mshamba, na kulikuwa na mwendesha bodaboda mmoja aliyekuwa akimpeleka shuleni bila malipo. Nilihisi mkono ukiniwasha, sitaficha. Lakini kama angepigwa, habari ya bodaboda tungeipata kliniki. Tulimwambia disko matanga basi, na pikipiki ile basi. Muhula mzima nilimsindikiza mwenyewe asubuhi, na mazoezi ya kwaya mama yake alimfuata. Alinuna wiki mbili. Ilikuwa kazi kubwa kuliko kumpiga, hasa siku za mvua.

Rozari bado tunaisali, ila watoto wakiwa wamechoka tunasali kumi moja pamoja nao. Juzi yule mdogo alisinzia kabla ya Salamu Maria ya nne. Mama yake alimfunika leso, nasi wawili tukaendelea kwa sauti ya chini.