Wema Watoka Wapi?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama upande wa Nungwi. Ilikuwa imejaa watu na mizigo kupita kadiri yake, na mamia walikufa maji. Wavuvi wa Nungwi walitoka na vyombo vyao wakaopoa watu walioshikilia magodoro, watu ambao wengi wao hawakuwajua hata kwa jina. Twauliza: moyo huo watoka wapi?

Wataalamu wa elimu ya viumbe wanalo jibu. Mwaka 1871 Charles Darwin aliandika kwamba kabila ambalo watu wake husaidiana huyashinda mengine. Mwaka 1964 William Hamilton alionyesha kwa hesabu kuwa kiumbe amsaidiaye nduguye huendeleza damu ya ukoo wake. Mwaka 1971 Robert Trivers akaeleza kwamba hata asiye ndugu yafaa asaidiwe, iwapo naye atalipa kesho. Wazee wa pwani walikwisha kusema: wema hauozi.

Hatuna sababu ya kuyakataa hayo. Mwenyezi Mungu aweza kuuumba moyo wa mtu kwa njia ndefu kadiri apendavyo. Lakini tuangalie vema. Ikiwa maumbile yametupa huruma, ndiyo yaliyotupa na tamaa. Katika msiba ule zote mbili zilikuwapo: tamaa ijazayo meli, na huruma iliyosukuma mashua majini. Elimu hiyo yaeleza asili ya zote mbili sawasawa, wala haisemi ipi itiiwe na ipi izuiwe. Hata hivyo, hapana mtu wa Wete wala wa Chake Chake aliyehitaji kufundishwa.

Basi, kinachoamua kati ya huruma na tamaa lazima kiwe juu ya zote mbili. Sisi twakiita dhamiri, ambayo Mungu amemtilia kila mtu, Mkristo na Mwislamu.

Kwa hiyo wazazi wasiogope mtoto arudipo kutoka shuleni na habari za Darwin. Wamwulize tu: kati ya aliyejaza chombo na aliyetoa mashua yake kuokoa, ungependa kuwa yupi, na kwa nini? Swali hilo la mwisho halijibiwi na elimu ya viumbe peke yake, na yafaa lizungumzwe nyumbani mapema, kabla mtoto hajapata chombo chake mwenyewe cha kupakia.