Gegedu la Goti na Elimu Tuliyoiacha

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuumba mwili wa mwanadamu na akakipa kila kiungo kazi yake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, wengi katika sisi wakiingia utu uzima hawasujudu ila kwa maumivu, na wengine husali juu ya kiti. Sharia imewaruhusu, wala hapana aibu. Lakini kuruhusiwa kukaa si kukatazwa kujitibu, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila maradhi yana dawa.

Yafaa basi tujue khabari za goti. Ncha za mifupa yake zimevikwa gegedu, kitu cheupe chenye kuteleza, unene wake milimita chache tu. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hivyo likiharibika halijiungi kama ngozi. Tabibu William Hunter aliyaeleza hayo London tangu mwaka 1743.

Katika zama zetu wataalamu wameshika njia nyengine. Huchukua seli shina, nazo ni chembe changa za mwili ziwezazo kugeuka mfupa, mafuta au gegedu. Huzipata katika uboho, au katika damu ya kitovu cha mtoto aliyezaliwa. Lakini chembe hizo zikiachwa peke yake hutawanyika, mfano wa mtambuu uliokosa mti wa kutambaa. Basi huzitengenezea kiunzi cha kolajeni, au cha hayaluroneti, au cha ute wa mwani. Kiunzi huzishika mahali pake hata zijenge gegedu, kisha chenyewe huyeyuka kidogo kidogo.

Mwaka 2012 Korea ya Kusini iliidhinisha dawa ya namna hii, iitwayo Cartistem: seli za damu ya kitovu zilizochanganywa na hayaluroneti, zitiwazo gotini kwa upasuaji. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha MACI. Hiyo haitumii seli shina, bali seli za gegedu la mgonjwa mwenyewe, zilizooteshwa juu ya utando wa kolajeni. Na kolajeni hiyo ni ya nguruwe.

Hapa ndipo penye jambo letu. Wanavyuoni wamezungumza juu ya dharura, na juu ya najisi iliyobadilika dhati yake, wala hawakukubaliana. Mgonjwa na amuulize mwanachuoni na daktari kabla ya kupasuliwa, si baada yake. Lakini kuuliza hukumu peke yake hakututoshi. Kiunzi chaweza kutengenezwa kwa mwani, na chaweza kutengenezwa kwa maganda ya kamba tunayoyatupa jaani. Ni nani katika vijana wetu aliyesomeshwa hata akaweza kukitengeneza? Tumeona fahari kufanya harusi za siku saba, tukaona uzito kumlipia mtoto ada ya kusoma elimu ya viumbe. Kisha tukiletewa dawa yenye nguruwe twanung'unika. Asiyelima hana haki ya kuchagua mbegu.

Wala ujinga haukuishia hapo. Wako watu, katika nchi nyingi, wauzao sindano za seli shina na kuahidi kuwa goti lililolika lote litarudi upya. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imekwisha kuwaonya raia wake juu ya biashara hiyo. Ukweli ni kuwa kazi hii bado ni ngumu: mara nyingi gegedu jipya hutoka hafifu kama kovu, au seli zikaelekea kuwa mfupa. Na MACI yenyewe ni kwa kidonda cha gegedu, si kwa goti zima lililochakaa. Basi mtu asiuze shamba wala dhahabu ya mkewe kwa neno la mchuuzi. Na aulize: dawa hii imeidhinishwa na nani, na kwa maradhi gani?

Ndugu zetu, jamii isiyosoma haina ila mambo mawili: kukipokea cha watu kama kilivyo, au kudanganywa na walaghai. Tuliyoyaacha kwa uvivu hatuyapati kwa malalamiko.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe hima ya kuwasomesha watoto wetu, wake kwa waume. Amin.