Nani Amsikilizaye Msikilizaji? Uzamivu wa Unasihi na Swali la Mtu

Saikolojia ya unasihi, yaani taaluma inayomsaidia mtu kwa mazungumzo kuzikabili taabu za nafsi kama vile msiba, hofu, ugomvi wa ndoa na kukata tamaa, imebeba swali ambalo falsafa na dini zimelijadili kwa karne nyingi: mtu ni nani, na maumivu yake yanakaa wapi? Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, ambayo ndiyo ngazi ya juu kabisa ya masomo ya chuo kikuu, hawezi kulikwepa swali hilo hata pale mtaala usipolitaja, kwa sababu kila mbinu anayofundishwa imekwisha kulijibu kimyakimya. Hoja ya insha hii ni kwamba uzamivu wa unasihi hauhalalishwi na madai ya kuujua moyo wa mwanadamu, bali na utayari wa msikilizaji kusikilizwa na kusahihishwa.

Jina la taaluma hii lilikubaliwa nchini Marekani katika mkutano uliofanyika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1951, na mwaka huohuo Carl Rogers alichapisha kitabu chake kuhusu tiba inayomweka mteja katikati. Rogers, aliyesoma theolojia jijini New York kabla ya kuhamia saikolojia, alifundisha kwamba msaada hutokana na mnasihi kuwa mkweli, kumpokea mteja bila masharti na kuyaelewa mambo kama mteja mwenyewe ayaonavyo. Mtu anayechorwa na mafundisho hayo ni nafsi moja yenye nguvu ya kukua kutoka ndani yake, na ndiyo maana faragha na usiri vimekuwa nguzo za kazi hiyo. Mfumo huo umefika Afrika Mashariki: Chuo Kikuu cha Egerton, huko Njoro, hutoa uzamivu wa saikolojia ya unasihi, na Kenya ilitunga mwaka 2014 sheria ya kuwasajili wanasihi na wanasaikolojia.

Mwaka huohuo wa 1951 mwanaanthropolojia Monica Wilson alichapisha Good Company, kitabu kilichotokana na utafiti ambao yeye na mumewe, Godfrey Wilson, waliufanya kati ya 1934 na 1938 miongoni mwa Wanyakyusa wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Kitabu hicho kinaeleza vijiji vya rika, ambamo wavulana waliotoka katika makazi ya baba zao waliishi pamoja na wenzao wa umri mmoja, wakilelewa katika ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzi pamoja na kusaidiana na kuhurumiana kunakozaliwa na ukaribu huo. Katika jamii hiyo kinyongo hakikuwa jambo la faragha. Iliaminika kwamba hasira ya haki ya wazee, au pumzi ya majirani waliochukizwa, yaweza kumletea mtu ugonjwa, na kwa hiyo matambiko ya ukoo yaliwataka ndugu waseme waziwazi waliyoyaweka moyoni, kwani tambiko la watu wenye kinyongo halikutarajiwa kuzaa heri. Msomi wa leo halazimiki kukubali maelezo hayo ya chanzo cha ugonjwa ili auone ukweli uliomo ndani yake, kwamba yapo maumivu yasiyokaa ndani ya mtu mmoja bali baina ya watu, na kumtibu mmoja wao peke yake ni kuyaacha yalipo.

Hata hivyo, ukweli huo una hatari yake. Ifeanyi Menkiti, mwanafalsafa wa Nigeria, alidai mwaka 1984 kwamba utu si kitu ambacho mtu huzaliwa nacho kikiwa kamili, bali hukipata hatua kwa hatua ndani ya jamii. Naye Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kwamba jamii humlea mtu lakini haimmalizi, kwa kuwa mtu hubaki na akili ya kuipima jamii yake na hata kuipinga. Hoja ya Gyekye ina uzito mkubwa mbele ya msichana aliyedhulumiwa na mjomba wake au mjane anayeshutumiwa uchawi, kwa maana katika kikao cha ukoo hasira ya mwenye nguvu huweza kuitwa ya haki kabla mnyonge hajafungua kinywa. Kwa watu hao usiri ni ngao, na mnasihi anayewarudisha barazani kwa jina la mila huwa amewatoa mikononi mwake bila ulinzi.

Kasumulu, mji wa Wilaya ya Kyela ulio mpakani, ambapo Mto Songwe unaitenga Tanzania na Malawi, huzikutanisha hali zote mbili. Barabara itokayo Uyole kupitia Tukuyu huleta madereva wa malori wanaosubiri taratibu za forodha mbali na nyumbani, na kandokando yao wanaishi wakulima wa mpunga na kakao wenye ndugu ng'ambo ya mto, kwa kuwa Wanyakyusa na Wangonde wa Karonga wanakaribiana sana kwa lugha na desturi. Dereva anayelemewa na huzuni hana ukoo wa kumkalisha mahali hapo, na kinachomfaa ni msikilizaji mmoja atakayemtunzia siri. Lakini mkulima aliyefarakana na nduguye kwa ajili ya shamba la baba yao hataponywa na mazungumzo ya chumbani pekee, kwa sababu kesho atarudi katika shamba lilelile. Mnasihi mmoja anaweza kuwapokea wote wawili kwa siku moja, na hakuna kanuni itakayompa jibu moja linalowatosha wote wawili.

Kinachohitajika hapo ni busara, na busara ya namna hiyo hailetwi na mihadhara wala takwimu, ingawa vyote viwili ni vya lazima. Ndani ya mafunzo ya uzamivu, sehemu inayoikuza ni usimamizi, yaani utaratibu ambao mwanafunzi, kwa ridhaa ya mteja, huyapeleka mazungumzo yake mbele ya mnasihi mwenye uzoefu na kuulizwa kwa nini alinyamaza hapa, kwa nini aliharakisha pale, na ni hofu gani yake mwenyewe iliyomfanya asisikie. Utaratibu huo mara nyingi huchukuliwa kuwa sharti la kuhesabu saa, ilhali ndio unaopatanisha madai mawili yaliyokuwa yakishindana: siri ya mteja inalindwa, na wakati huohuo uwezo mkubwa alionao msikilizaji haubaki mikononi mwake peke yake, bali unawekwa chini ya macho ya wenziwe. Chuo kinachopima tasnifu kwa ukali na kuupuuza usimamizi kinamtunuku mtu hadhi ya udaktari bila kumjengea uadilifu unaoistahili.

Dini nazo zinaweka mpaka ambao msomi huyo anapaswa kuuheshimu. Wamisionari Wamoravian na wa Misheni ya Berlin, waliofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, walihubiri Injili ambayo, katika sura ya 5 ya Mathayo, inamtaka mwenye kuleta sadaka aende kwanza akapatane na nduguye, na Uislamu nao unawaamuru waumini kusuluhisha baina ya ndugu. Wamisionari na wazee wa matambiko walitofautiana kwa mengi, lakini walikubaliana kwamba ibada haiwezi kuchukua nafasi ya kupatana. Mnasihi mwenye uzamivu hana mamlaka ya kuondoa dhambi wala ya kuamua mirathi, na asijitwalie mamlaka hayo kwa sababu ya cheo chake. Wajibu wake ni kumsaidia mtu alitambue lile linalohitaji siri na lile linalohitaji kusemwa mbele ya ndugu, huku yeye mwenyewe akikubali kuulizwa, maisha yake yote ya kazi, kama amesikia sawasawa.