Namba ya Simu Kwenye Chumba cha Chai

Kisa hiki ni cha kutunga, lakini kazi inayosimuliwa ilifanyika hivyo hivyo katika hospitali za Uingereza mwaka 2020.

Mtaalamu mmoja wa fiziotherapia alikuwa na kazi ya kuwainua watu: aliyevunjika nyonga, aliyepooza upande, aliyepasuliwa kifua. Leo mgonjwa anakaa kitako, kesho anasimama, wiki ijayo anakwenda msalani mwenyewe. Furaha yake ilikuwa hiyo, na ilimtosha.

Korona ilipopamba moto akahamishiwa kikosi cha kuwageuza wagonjwa mahututi. Mgonjwa ambaye hata mashine ya kupumulia haimtoshelezi hulazwa kifudifudi, maana sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongo, na akilala chali hugandamizwa. Utafiti uliofanyika Ufaransa na Hispania, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kumlaza hivyo kwa muda wa saa 16 au zaidi kwa siku hupunguza vifo. Ila kumgeuza mtu aliyelazwa usingizi kwa dawa kunataka watu kadhaa. Mmoja anashika kichwa na mrija wa hewa, wengine wanajipanga ubavuni, wanahesabu, wanageuza kwa pamoja. Kisha kitanda cha pili. Kisha cha tatu. Yote hayo ndani ya gauni, barakoa na miwani.

Wengi aliowageuza hakuwaona wakiamka. Ndugu walizuiwa kuingia, hivyo kuna siku yeye ndiye aliyeshika tableti ili binti amuage baba yake. Alhamisi saa mbili usiku watu walitoka milangoni kuwapigia makofi wahudumu wa afya. Aliyasikia kwa aibu, kwa kuwa moyoni alijiona hajamponya yeyote.

Hapa namwomba kila anayepanga zamu asisome haraka. Wenzake walisema amechoka. Kweli alichoka, lakini uchovu una dawa yake, mapumziko. Kilichomuumiza zaidi ni kunyang'anywa lile lililomfanya aipende kazi, huku akiitwa shujaa. Shujaa atasemaje kwamba halali usiku? Msimamizi wake, mtu mwema kabisa, alibandika namba ya ushauri nasaha kwenye ukuta wa chumba cha chai, akaamini mwenye shida atapiga. Hakupiga. Aliogopa kuonekana hafai, na hofu hiyo haikuwa yake peke yake. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria yenye jina la Dk. Lorna Breen, daktari wa New York aliyejiua Aprili 2020. Ndugu zake walieleza kwamba alihofia kupoteza kazi ikijulikana ametibiwa akili.

Yangefanyika mengine, tena bila gharama kubwa. Kikosi kingekaa pamoja kila mwisho wa zamu, ndani ya saa za kazi, kila mtu aseme alichokiona. Naye angepewa siku moja kwa wiki kwenye wodi ya wanaopona, awaone kwa macho yake wale aliowageuza wakijaribu kusimama.

Januari 2021 wagonjwa walifurika tena, akarudishwa kulekule. Kabla ya majira ya joto aliandika barua ya kuacha kazi. Wakati huo wodi ilijaa watu waliotolewa kwenye mashine, mapaja yamekonda, wengine hawawezi hata kushika kijiko. Ilikuwa ndiyo kazi aliyoisomea. Nafasi yake ilikaa wazi kwa miezi, na wagonjwa wale wakasubiri zamu yao ya mazoezi wakiwa wamelala.